Hereni moja isiyo na mwenzake

Jumanne usiku

Nimenawa mara tatu na kucha bado nyeusi.

Mche wa fedha umenivunjikia leo. Niliuyeyusha jana kutokana na bangili iliyopinda na mkufu uliokatika mara mbili, vitu ambavyo mama mmoja alirithi kwa mama yake. Alivileta vimefungwa kwenye kitambaa pamoja na hereni moja isiyo na mwenzake. "Fundi, nataka mkufu mwembamba, ila uwe wa fedha hii hii. Usinichanganyie." Nikaitikia haraka mno.

Gramu 14. Mche ulitoka kwenye kalibu mzuri tu. Nikaulainisha kwa moto, nikauweka juu ya fuawe nianze kuufua. Pigo la sita au la saba sauti ikabadilika, ikawa kama ya chungu chenye ufa. Kuchungulia kwa lenzi: nyufa zimeanzia pembeni zinaelekea katikati, na ndani yake kuna ukijivu kama wa majivu.

Kosa nalijua. Bawaba ya bangili iliwahi kutengenezwa na mtu wa haraka haraka, kwa lehemu ya bati na risasi, ile ya mafundi wa redio. Alama yake niliiona. Nikaipitishia tupa mara mbili tatu, nikajiambia imekwisha. Risasi haihitaji kuwa nyingi. Ikiingia kidogo tu, hukaa katikati ya chembe za fedha, na madini yanayokubali kuvutwa mpaka yawe uzi hukatika kama chaki. Boraksi huzoa uchafu mwingi wakati wa kuyeyusha, lakini risasi haiiwezi.

Jumatano

Nimempigia simu. Nikamweleza kwamba mche itabidi uende kwa wasafishaji, ukayeyushwe pamoja na fedha za watu wengine, kisha urudi punje safi za 999 kwa elfu. Uzito wake ataupata wote. Kwa kuwa kusubiri ni kurefu, naweza kumpimia uzito ule ule kutoka kwenye punje nilizo nazo hapa.

Akanyamaza kidogo. "Sasa hiyo itakuwa fedha ya nani, fundi?"

Sikuwa na la kumjibu.

Siku hizi kila mkufu unasifiwa kwamba ni wa madini yaliyorejelewa, yaani yaliyowahi kutumika. Nami nimeitumia sifa hiyo kuuzia, sikatai. Lakini tangu lini dhahabu ikatupwa jalalani? Masonara hufagia hadi vumbi la chini ya meza wakaliyeyushe. Mikufu ya dhahabu iliyofukuliwa kwenye makaburi ya kifalme ya Ur, kusini mwa Iraki, ina umri wa miaka kama 4,500, nayo imetufikia kwa kuwa ilizikwa. Mingi iliyobaki kuvaliwa imeyeyushwa zamani, na huenda chembe zake zimo kwenye pete ya mtu fulani leo. Haya yote nilikuwa nayo kichwani, na hata moja nisingethubutu kumwambia yule mama kwenye simu.

Alhamisi

Hereni! Sikuiyeyusha. Niliipitishia sumaku, ikanasa, maana ndoano yake ni ya chuma, nikaiweka kando nije kuing'oa baadaye, kisha nikaisahau chini ya kitambaa. Safari hii nimeikagua kila upande kwa lenzi. Haina lehemu ya kijivu. Baada ya kuyeyusha, kuvuta na kukata nimepata pete 24 za mkufu.

Nimempigia tena. Amecheka, mara ya kwanza tangu tufahamiane.

Jumapili

Pete zilizobaki nimezitengeneza kwa 925, yaani fedha 925 na shaba 75 kwa kila elfu. Waya wa milimita 2 nimeuvuta kwenye bamba la matundu, tundu baada ya tundu, hadi 0.8, na umerefuka zaidi ya mara sita. Kila baada ya matundu machache unakaza na lazima uulainishe tena. Ukiulazimisha unakatikia mkononi. Nimeuzungushia kwenye chuma chembamba cha milimita 3, nikakata kwa msumeno. Mkufu wa sentimita 45 unataka pete 150.

Nusu nimeshazifunga. Sasa naziunganisha kwa zile zilizo wazi, moja moja, kipande cha lehemu kikiwa kidogo kuliko punje ya mchanga. Pete inakuwa nyekundu iliyofifia, lehemu inajikunja, halafu ghafla inametameta na kukimbilia ndani ya mwanya. Hapo moto uwe umeshaondoka. Ukichelewa kidogo, pete inageuka tone.

Ameomba zile 24 zikae nyuma, penye kisogo. Kwa sasa zina umanjano kidogo, lakini zikishatoka kwenye tindikali hata mimi sitazitambua. Nilifikiria kuifungia ya kwanza uzi mwekundu, ila uzi na moto wapi na wapi. Kwa hiyo nahesabu kwa sauti. Nimefika ya 17.