Miezi mitatu kwenye kibuyu chirizi

Mimi ni mwalimu wa kitengo cha elimu maalumu katika shule moja ya msingi hapa Ujiji, Kigoma, na leo ningependa kueleza jambo lililonichukua takriban miezi mitatu: kumfundisha mtoto mwenye usonji (hali ya ukuaji wa ubongo inayoathiri mawasiliano na hisia) kunawa mikono. Mwanzoni nilikosea, kwa kuwa nilimpa maelekezo yote kwa mkupuo mmoja, naye akaziba masikio na kuketi chini. Baadaye niliigawa kazi hiyo katika hatua saba, kuanzia kukanyaga kijiti cha kibuyu chirizi (chombo cha maji kinachoning'inizwa na kuinamishwa kwa mguu ili kimwage maji) hadi kujifuta kwa kitambaa, kisha nikaanza kumfundisha kutokea mwisho: hatua sita za kwanza nilimwongoza kwa kumshika mkono, na ile ya saba, ya kujifuta, nikamwachia aimalize mwenyewe, ili kila zoezi liishie kwenye jambo aliloliweza. Alipoizoea, nikamwachia na ya sita.

Kilichotukwamisha zaidi ni sabuni. Ile ya mche hakuitaka kabisa, kwa sababu utelezi wake ulimkera. Nilipoikwangua, nikaiyeyusha na kuimimina katika chupa niliyoitoboa kizibo, aliikubali siku hiyo hiyo. (Nakiri kwamba wiki nzima nilidhani ni ukaidi.)

Juzi mama yake aliniambia, "Mwalimu, siku hizi hagusi ugali na dagaa mpaka awe amenawa, na wadogo zake nao anawavuta wakanawe." Sasa tumeanza mswaki, na povu la dawa ya meno limeshatugombanisha mara mbili.