Vitabu vya Wapikuni Kwenye Rafu Yangu

Leo nimepanga upya rafu ninayoipenda kuliko zote, ile ya vitabu vya kale vya visa vya ujasiri kuhusu Blackfeet, wenyeji wa asili wa Montana huko Marekani, na nimeona niandike kwa nini ninavitafuta. Vingi ni vya James Willard Schultz, kijana wa New York aliyefika Fort Benton mwaka 1877, akafanya biashara ya ngozi za nyati wa Amerika, akaishi miongoni mwa Wapikuni, mojawapo ya makundi ya Blackfeet, na kumwoa binti yao, ambaye vitabuni anamwita Nätahki. Mama huyo alikuwa amenusurika akiwa mtoto siku ya tarehe 23 Januari 1870, wanajeshi wa Marekani walipoishambulia kambi ya chifu wa Wapikuni, Heavy Runner, kando ya Mto Marias na kuua watu wapatao 200, wengi wao wanawake, watoto na wazee.

Nakala ninayoithamini zaidi ni ile ya simulizi ya maisha ya Schultz mwenyewe, iliyotolewa New York mwaka 1907, yenye picha ambazo nyingi zilipigwa na mwandishi mwenzake George Bird Grinnell. Kitambaa cha jalada kimechakaa pembeni na mshono umelegea, lakini kurasa bado ni imara. Wafanyabiashara wa vitabu vya kale huangalia kwanza mwaka uliochapwa chini ya ukurasa wa jina la kitabu, kwa sababu mchapishaji wa Boston aliyetoa vitabu vyake vingi vya baadaye alikuwa na desturi ya kuuondoa mwaka huo katika chapa zilizofuata. Ukikosekana, bei hushuka sana. Nami huangalia, ila hilo si la kwanza kwangu.

La kwanza kwangu ni kwamba visa hivi vya uwindaji na vya mapambano ya kuteka farasi wa maadui, vilivyouzwa kwa wavulana wa Marekani kama burudani, viliandikwa nyati wakiwa wamekwisha, na mwandishi mwenyewe alikuwa ameshuhudia njaa ya majira ya baridi ya 1883 na 1884, wakati chakula cha serikali kilipokuwa kidogo mno na Wapikuni wakafa kwa mamia. Mzee Almost-a-Dog alichonga alama kwenye kijiti kwa kila aliyefariki, na alama hizo zilipita 500. Ukijua hayo, sura ambayo kambi nzima inakula nyama na kusimuliana hadithi hadi usiku wa manane haisomeki tena kama burudani, maana anayeiandika anaomboleza, tena anaomboleza kwa upendo mkubwa.

Ndiyo maana karibu na Schultz nimekiweka kitabu cha hadithi za Blackfeet alichokitoa Grinnell mwaka 1892. Grinnell aliwataja kwa majina wazee waliomsimulia, wakiwemo Double Runner na Wolf Calf, jambo ambalo waandishi wengi wa visa vya Magharibi ya Marekani hawakujali kulifanya. Katika daftari langu la mkusanyo, kila kitabu kina nafasi ya mwaka, ya mchoraji na ya hali ya jalada. Kuanzia leo ninaongeza nafasi ya jina la Mpikuni aliyesimulia. Ambapo mwandishi hakumtaja nitaiacha wazi, ili atakayelifungua daftari hilo baada yangu aone ni nani waliosahauliwa kutajwa.