Mshumaa Ukizimika Njiani, Angalia Utambi Kwanza

Mshumaa wa kutengeneza nyumbani ukiwaka robo saa kisha ukazama ndani ya nta yake, lawama huangukia nta. Watu hubadilisha duka, huongeza hiki na kile sufuriani, na mshumaa unaofuata unazimika vilevile. Mara nyingi nta haina kosa lolote. Utambi ndio uliokosewa.

Hapa tunazungumzia mshumaa mdogo wa kuwasha stima ikipotea: upana sentimita 2, urefu sentimita 15. Mmoja hula takriban gramu 42 za nta, kwa hiyo kilo 1 ya parafini (nta ya mishumaa, si mafuta ya taa) hutoa kama 22, ukihesabu ile inayobaki sufuriani. Kalibu ya umbo lingine ipime kwa maji: ijaze, mimina maji kwenye kikombe cha vipimo, kisha zidisha mililita kwa 0.9. Utapata gramu za nta.

Utambi ni pampu. Nta iliyoyeyuka hupanda kwenye nyuzi, hugeuka mvuke huko juu, na huo mvuke ndio unaowaka. Utambi ukiwa mwembamba mno, nta huyeyuka haraka kuliko inavyopandishwa, kidimbwi kinajaa na mwali unazama. Mshumaa ukiwa mpana kidogo, utambi huohuo mwembamba huchimba shimo katikati na kuacha ukuta wa nta ambao haujaguswa. Utambi mnene kupita kiasi nao huleta mwali mrefu unaochezacheza, masizi ukutani, kichwa cheusi kama uyoga kwenye ncha, na nta inayochuruzika kando kwa sababu ukingo umeyeyuka kabla ya wakati.

Usikisie unene. Chukua uzi wa pamba tupu na usuke tambi tatu za mikia mitatu: ya kwanza kila mkia uwe na nyuzi 2, ya pili nyuzi 3, ya tatu nyuzi 4. Tengeneza mishumaa mitatu ya nta ileile, iwashe pamoja mahali pasipo upepo, na uitazame kwa saa nzima. Unaoutaka una mwali uliotulia, kidimbwi kinachokaribia ukingo bila kuuvunja, na hauna moshi. Nyuzi za madukani hazilingani unene, kwa hiyo ukibadilisha uzi, rudia jaribio hili. Ni saa moja tu, na inaokoa kilo nzima.

Hakikisha uzi ni pamba kweli. Choma kipande: pamba hunuka kama karatasi inayoungua na kuacha jivu laini. Uzi wenye poliesta au nailoni huyeyuka na kuacha kidonge kigumu, na huo hauwezi kupandisha nta hata ukiusuka vipi.

Pamba tupu pia huacha majivu yanayoziba njia, ndiyo maana huloweshwa kwanza. Koroga kijiko kikubwa 1 cha chumvi na vijiko vikubwa 2 vya boraksi (unga mweupe wa madini) kwenye kikombe 1 cha maji ya moto, lowesha utambi usiku kucha, kisha anika hadi ukauke kabisa. Siku mbili si nyingi, hasa majira ya mvua. Boraksi ni sumu ikimezwa, basi iweke mbali na watoto na usirudishe kikombe hicho jikoni. Ukishakauka, uzamishe utambi kwenye nta ya moto mpaka viputo viishe kutoka, uvute unyooke, uuache ugande. Wengi huruka hatua hii ya mwisho, halafu mshumaa unawaka vizuri sekunde chache na kufifia, kwa sababu ndani ya nyuzi kulikuwa na hewa, siyo nta.

Mshumaa ukitoa mlio wa kupasukapasuka na kurusha vicheche, kuna maji: ama utambi haukukauka, ama mvuke wa sufuria ya maji ya kuyeyushia uliingia kwenye nta. Acha nta igande yote, igeuze, ufute maji yaliyotulia chini, kisha uyeyushe upya.

Sasa joto. Yeyusha nta kwenye chombo kilichowekwa ndani ya sufuria ya maji, kamwe si moja kwa moja kwenye jiko. Sisi wa nyanda za juu tuna nafuu fulani: maji ya Nakuru huchemka karibu nyuzijoto 94 na ya Kisumu karibu 96, kwa hiyo nta iliyo juu ya maji haiwezi kupita hapo, mradi maji hayajakauka. Nta ikishika moto, zima jiko na funika kwa mfuniko. Usimwage maji. Hugeuka mvuke papo hapo na kurusha nta inayowaka jikoni kote.

Parafini ya kalibu za bati imimine ikiwa nyuzijoto 80 hadi 85. Kalibu ya bomba la plastiki hulegea kwenye joto hilo, hivyo shuka hadi 70 au 75. Asubuhi ya Julai pale Nakuru, bati huwa baridi kiasi kwamba nta inaganda ikigusa ukuta, na mshumaa unatoka na mistari myeupe kama pete. Pasha kalibu kwenye maji ya moto na uifute ikauke kabla ya kumimina. Nyufa zina sababu nyingine: mshumaa umepozwa ghafla, kwa kawaida kwenye friza. Acha upoe wenyewe mezani. Ukigoma kutoka, dakika 10 kwenye sehemu ya kawaida ya friji zinatosha. Mafuta ya kupikia ya kulainisha kalibu yawe utando tu. Yakizidi huacha vidoa na vishimo juu ya mshumaa.

Shimo linalotokea karibu na utambi halizuiliki, kwa kuwa nta husinyaa inapoganda. Juu kukifanya utando, toboa matundu mawili matatu kando ya utambi kwa kijiti chembamba, kisha ujazie nta yenye joto la juu kidogo kuliko ya kwanza. Usipite kimo cha awali. Nta ikipita, huteremka kati ya mshumaa na kalibu, na hapo utahangaika kuutoa.

Kisumu shida ni nyingine. Ndani ya nyumba ya mabati mchana, mshumaa wa nta laini hujikunja ukiwa umesimama rafuni. Tafuta parafini inayoyeyuka kwenye nyuzijoto 58 hadi 60 na uchanganye stearini (mafuta magumu meupe yanayokaza nta): gramu 100 kwa gramu 900 za parafini. Mshumaa huwa mgumu, hutoka kwenye kalibu kwa urahisi, na hauchuruziki ovyo. Hifadhi ukiwa umelala, kivulini. Nta inayoacha doa la mafuta kwenye karatasi usiinunue.

Nta ya nyuki, kama ile inayotoka Baringo, inanukia vizuri na inawaka polepole, lakini ni nzito kupanda, hivyo ongeza uzi mmoja au miwili kwa kila mkia. Ichuje kwa kitambaa kabla ya kutumia. Vipande vya masega na gundi ya nyuki vikiingia utambini, mwali unakufa.

Rangi za chakula zina maji na hazichanganyiki na nta. Kalamu za nta za watoto zina chembe zinazoziba utambi. Tumia rangi ya mishumaa inayoyeyuka kwenye mafuta, au usitie rangi kabisa. Manukato yasizidi gramu 60 kwa kilo 1, nayo yawe mafuta ya mishumaa. Marashi ya mwilini yana spiriti na yanaweza kulipuka sufuriani. Kwa mshumaa wa stima ikipotea, kwa maoni yetu, manukato ni hasara tu.

Mafuta ya taa usiyaongeze kamwe ili mwali uwe mkubwa. Mwali ukiwa mdogo, rudi kwenye utambi, na ukate ncha ibaki milimita 5 kabla ya kuwasha.