Hawa si wote wameshakufa?

Wiki imejaa mambo. Dada Anna kajifungua salama, mtoto wa kiume. Mahari ya Eliakimu imepokelewa kule Leguruki bila mvutano. Mashine kubwa ya fotokopi imerudi kutoka kwa fundi na sasa inatoa kurasa safi. Najua mnasubiri habari za Anna, maana wengi wenu mmekuwa mkiniuliza hali yake tangu Juni. Yuko vizuri, anawasalimu. Mimi kilichonikalia moyoni ni maneno ya Neema ya Jumamosi usiku.

Mnajua desturi ya nyumba yetu Jumamosi. Tukishakula na vyombo vikaoshwa, nachomeka laptopu kwenye runinga na mtu mmoja anachagua picha. Zamu ilikuwa yangu. Niliweka Hatari!, sinema ya Mmarekani Howard Hawks ya mwaka 1962, ya wazungu wanaokamata wanyama pori wakiwa hai, ambayo nimekuwa nikimwahidi Neema tangu ahamie kwetu kwa ajili ya shule. Nilikuwa na sababu. Sehemu kubwa ya matukio ya nje ilirekodiwa huku kwetu, kituo cha wale wakamata wanyama kiko Momela, na mwishoni tembo watatu wadogo wanakimbia hadi mjini Arusha, wanaingia dukani, wanaingia hotelini. Nilitaka aone mji anaoupitia na kifodi kila asubuhi ulikuwaje kabla mama yake hajazaliwa.

Hakufika kwenye tembo. John Wayne alikuwa amekaa kwenye kile kiti kilichofungwa juu ya madigadi ya mbele, mti wenye kitanzi mkononi, vumbi limejaa kioo kizima, Neema akainua macho kutoka kwenye simu yake.

"Mamdogo, hawa si wote wameshakufa?"

"Wengi wao, ndiyo."

"Sasa tunawaangalia wa nini?"

Akasubiri kidogo nijibu. Nilikaa kimya. Akaniambia usiku mwema, akachomeka simu kwenye chaji, akaenda kulala.

Hakusema kwa jeuri, na hilo ndilo linaloniuma. Angekuwa na jeuri ningemjibu kama mama mdogo anavyojibu na yangeisha palepale. Aliuliza kama mtu anayetaka kujua kweli. Sasa tunawaangalia wa nini. Jumapili kanisani nilikuwa nalo. Jumatatu nafunika vyeti vya watu kwa plastiki, nalo. Nimekaa kwenye kifodi pale Kilombero tunasubiri kijae, konda anagonga bati, mimi namjibu Neema kimoyomoyo, kila siku jibu tofauti.

Jibu la kwanza lilikuwa la Shaaban Robert. Alifariki 1962, mwaka uleule picha hii ilipotoka, na hakuna mwanafunzi anayeuliza tunamsoma wa nini. Nililipenda sana jibu hili hadi kufikia mchana. Baadaye nikaona Neema atasema anamsoma kwa sababu yuko kwenye mtihani, na atakuwa amesema kweli.

Jibu la pili lilikuwa la kazi yenyewe. Faru anayeligonga gari kwenye picha ile ni faru kweli. Waigizaji walipanda magari wao wenyewe na kuwafukuza wanyama wakiwa mbioni, hakuna kompyuta iliyochora kitu. Russell Harlan aliyeshika kamera aliteuliwa kuwania Oscar kwa kazi ile, na ukimwangalia twiga anavyokimbia sambamba na lori, ukaona jinsi kamera inavyopanda na kushuka mabondeni pamoja naye, utajua kwa nini. Unaogopa kwa sababu wao wenyewe wanaogopa. Jirani yangu wa fremu ya pili, yule anayeweka muvi kwenye flashi, ana wateja kutwa nzima, na nawasikia: "Mpya zipo?" kisha "Imetafsiriwa?" Siwalaumu. Ila nimeona picha nyingi za mwaka huu ambazo mji mzima unabomoka na moyo wangu haushtuki hata kidogo, halafu gari moja la mwaka 1960 linayumba mbele ya faru na nashika mkono wa kiti.

Hilo nalo ni jibu la mtu aliyekwisha kuipenda picha, halimsaidii asiyeipenda.

Tena nina ugomvi nayo. Ina dakika 157 na nyingi kati ya hizo ni wageni wanataniana sebuleni, wanakunywa, wanagombea mwanamke. Walianza kurekodi mwishoni mwa 1960, nchi hii ikiwa imebakiza kama mwaka mmoja tu ipate uhuru, TANU imeshashinda uchaguzi, Nyerere ameshakuwa waziri kiongozi. Hutasikia hata chembe ya hayo. Watu wetu wamo, lakini wanaendesha, wanafunga kamba, wanaleta, wanacheza ngoma. Warusha wanampa yule mpiga picha wa Kiitaliano jina la Mama Tembo, kisha hadithi inarudi kwa wageni. Wanyama wanaokamatwa wanapelekwa kwenye bustani za wanyama ng'ambo, na hakuna anayeuliza ni wa nani.

Basi hadi Jumatano nilikuwa nimeanza kumpa Neema haki. Nilifikiri labda ni mazoea yangu tu, kupenda vya zamani kwa sababu ni vya zamani.

Alhamisi Baba akashuka kutoka Ngarenanyuki kuja kumwona mtoto wa Anna. Alilala kwetu. Neema alikuwa kwenye maandalio shuleni, umeme upo, mzee hana usingizi. Nikamwuliza kama anataka taarifa ya habari, akasema habari ameshachoka nazo. Nikamwekea ileile, nikaianzia mwanzo.

Akauliza staringi ni nani. Nikamwonyesha John Wayne. Akamtazama kidogo, akaridhika, akamwacha. Wale nyani waliokamatwa kwa wavu uliorushwa na roketi walimchekesha mpaka akatoa leso. Lakini macho yake yalikuwa nyuma ya staringi muda wote. Mlima ulipotokea akanyoosha mkono.

"Simamisha. Rudisha kidogo."

Nikarudisha.

"Si Meru hiyo?"

"Ndiyo, Baba."

"Wameutazama kutokea kwetu."

Akasimama akaenda hadi kwenye runinga, akaweka kidole kwenye kioo, pale mteremko unapoanza, akaanza kunitajia. Huku kulikuwa na maji. Huku walikatazwa kupita na mifugo. Mwaka ule alikuwa kijana wa kuchunga, na anasema walisikia kuna wazungu wanafukuza twiga kwa magari, wakimkosa wanaanza upya, na wazee wakasema hao wamechanganyikiwa na jua. Hakujua hadi Alhamisi hii kwamba ndiyo yaliyotoka kwenye picha.

Mmeshasoma humu habari za 1951, niliziandika siku ya kumbukumbu ya Bibi: Waingereza walivyowaondoa Wameru wapatao 3,000 Ngarenanyuki ili ardhi wapewe walowezi, nyumba zikachomwa, na mwaka uliofuata Kirilo Japhet, msemaji wao, akaenda New York kuieleza Umoja wa Mataifa. Baba alitoka pale akiwa mtoto wa kushikwa mkono. Nilimwangalia nikidhani picha itamuumiza, maana hizi ni nchi za jirani kabisa na zile walizofukuzwa, na miaka kumi haikuwa imetimia, na hawa watu wanazifurahia kama hazijawahi kuwa na mwenyewe. Nikashika rimoti nizime. Akanizuia kwa mkono. Alikuwa anafurahi. Mlima ule, na majani yale marefu, na wingi ule wa wanyama, havipo tena mahali pengine popote isipokuwa kichwani mwake na mwa wazee wachache waliobaki, na sasa mimi nami naviona. Faru aliowaona kwa macho, leo hayupo hata mmoja katika hifadhi ya Arusha. Miaka ya 1970 na 1980 majangili waliwamaliza karibu wote nchini, hadi ikaja Operesheni Uhai ya kuwasaka majangili, 1989. Mimi nimekulia chini ya mlima huu na faru niliyemwona ni wa Ngorongoro, kwa mbali, kwa darubini ya kuazima.

Kisha akasema, "Huyu anajua kamba."

Sikumwelewa. Akanionyesha mwanamume mmoja nyuma ya lori. Anaonekana kwa muda mfupi sana, nimeiangalia picha hii miaka na sikuwahi kumwona. Lori bado halijasimama sawasawa, yeye ameshashuka, ameshazungusha kamba, ameshakwepa mguu wa mnyama. Baba akanifanya nirudishe tena na tena. Anatazama jinsi anavyokaza fundo. "Huyu hakufundishwa na wazungu. Huyu alikuja na yake."

Ndipo swali la Neema likanirudia, lakini limegeuka. Hawa si wote wameshakufa? Hawks alifariki 1977. John Wayne 1979. Elsa Martinelli, yule Mama Tembo, 2017. Hardy Krüger, mwigizaji mwenzao, ambaye baada ya picha alinunua shamba palepale Momela akaishi huko, 2022. Tarehe zao zinajulikana, magazeti ya dunia nzima yaliziandika, na wangekumbukwa hata Hatari! ingepotea kesho. Yule wa kamba, gazeti gani lingemwandika? Ana sekunde zake chache nyuma ya staringi, basi. Tusipomwangalia pale hatuna pengine pa kumwangalia. Hawks alimwelekezea kamera mnyama, na mtu akaingia.

Nafikiri hii ndiyo sababu narudi kwenye picha za zamani, na nimechelewa kuijua kwa maneno. Sinema hukamata zaidi ya alichokusudia aliyeitengeneza, na ziada ile inachukua miaka kuiva. Walioiona 1962 walimwona Wayne. Hawakuwa na haja ya kuutazama mlima, ulikuwepo tu.

Wapo pia waliokusudia. Ousmane Sembène wa Senegal, kwenye La Noire de... ya 1966, alimchukua msichana wa Dakar anayekwenda Ufaransa kufanya kazi kwa wazungu, yule ambaye kwenye picha za wengine angebeba sinia na kutoka, akatupa sauti ya mawazo yake kwa muda wa kama saa moja, na hadi leo sijamaliza kuisikia. Mwitaliano Vittorio De Sica, kwenye Ladri di biciclette ya 1948, hakutafuta staringi kabisa. Alimchukua mfanyakazi wa kiwandani, Lamberto Maggiorani, akampa mke, mtoto, na baiskeli inayoibwa siku yake ya kwanza kazini. Vijana wa bodaboda wa kijiweni kwetu wataielewa hiyo kabla hawajasoma maandishi ya chini. Nimeziweka zote mbili kwenye orodha ya Jumamosi. Na Arusi ya Mariamu, ya hapa nchini, ya 1985, nikiipata yenye sura nzuri.

Ijumaa asubuhi nilikata ile sekunde ya mtu wa kamba, nikaipeleka dukani, nikaichapisha kwenye karatasi ya kung'aa, nakala ya Baba aondoke nayo na moja ya nyumbani. Haikutoka vizuri sana, uso umefifia, lakini mikono inaonekana. Neema aliporudi jioni akaikuta mezani.

"Huyu ni ndugu yetu?"

"Hapana."

"Sasa mbona umemchapisha?"

Nikamwambia akae nimweleze. Akakaa. Nilianzia kwa babu yake na kidole chake kwenye kioo, nikaenda Ngarenanyuki, nikarudi Momela, na chai ikachemka jikoni hadi ikamwagika tukiwa bado tunaongea. Hakusema anataka kuiona picha upya. Aliuliza kama babu anajua kufunga fundo lile, nikamwambia ampigie mwenyewe. Sijui kama amempigia.

Jambo jingine. Mwenye fremu kaniandikia ujumbe jana saa nne usiku: "Tuonane Jumatatu kuna jambo." Kodi nimelipa hadi Desemba, risiti ninayo. Jirani wa muvi naye kapata ujumbe uleule, neno kwa neno. Kama kuna mtu wa upande wa Kaloleni aliyesikia chochote kuhusu fremu zile za barabarani kubomolewa, naomba anijulishe kabla ya Jumatatu.