Kioo Hakijavunjika

Mwaka 2019 nilikuwa naishi Sinza, ripoti ya utafiti imenikaba shingoni, laptopu ina miezi 8 tangu niinunue Kariakoo. Asubuhi moja nikabonyeza kitufe, taa ikawaka, feni ikavuma, kioo kikabaki cheusi tii. Nikainua mfuniko kidogo, picha ikaruka mara moja, ikapotea.

Nikarudi Kariakoo, mtaa wa Aggrey, kwa fundi mmoja ambaye meza yake haizidi upana wa sinia mbili. Bisibisi hakuigusa. Aliwasha tochi ya simu, akakimulika kioo kwa mshazari.

"Dada, unaona chochote?"

Giza tu.

"Basi siyo taa ya nyuma. Ingekuwa ndiyo iliyokufa, ungeyaona maandishi kwa mbali, kama kivuli."

Akachomeka waya wa HDMI kwenye runinga ndogo iliyoegeshwa juu ya kreti la soda. Ripoti yangu ikatokea, safi kabisa, mpaka na makosa niliyoyaacha ukurasa wa 14. Kumbe mashine yenyewe ni nzima. Ndipo akaanza kuuchezesha mfuniko taratibu, kama mtu anayetafuta stesheni kwenye redio ya mkulima. Hapa mistari ya kijani. Akirudisha kidogo, picha kamili.

"Waya wa kioo huo. Unapita kwenye bawaba, kila ukifungua na kufunga unakunjika, sasa umechoka. Elfu 40 nakuwekea mwingine. Ila, waranti unayo?"

Ninayo, ya mwaka mzima.

"Basi mimi siifungui. Nikibandua stika hii tu, watakwambia umeichokonoa."

Angeweza kabisa kuila ile elfu 40, wala nisingejua.

Kwenye kituo cha huduma, kijana wa kaunta aliitupia jicho sekunde 10 hivi, akaandika kwenye fomu: "Kioo kimevunjika." Nilijua maana yake. Kioo cha kuvunjika hakimo kwenye waranti, unalipa mwenyewe. Nikamwambia, kaka, pitisha kidole, huo ufa uko wapi? Akajibu mafundi wataangalia, nisaini tu. Sikusaini. Foleni nyuma yangu ikaanza kuguna. Nikaiwasha palepale, nikausogeza mfuniko kama nilivyoona Aggrey, picha ikaja, ikaondoka, ikaja tena. Kioo kilichopasuka huwa na doa kama wino uliomwagika, na doa hilo haliondoki kwa kuinamisha mfuniko. Akakata maneno yake, akaandika "hakionyeshi", kisha akanyoosha mkono.

"Risiti?"

Nilikuwa nayo ndani ya begi la laptopu, mfukoni, mahali pa usalama kabisa. Ndivyo nilivyodhani. Risiti za EFD, zile za mashine ya kodi, huchapwa kwa joto, na zikikaa kwenye joto muda mrefu maandishi hufifia. Miezi 8 ya madaladala na jua la Dar iliimaliza yangu. Ilibaki karatasi ya manjano yenye tarakimu mbili tatu, hata tarehe haisomeki. Kijana akaigeuza upande wa pili, sijui alitegemea kuona nini huko.

Nikatoka nje kumpigia dada yangu. Siku niliyoinunua nilimtumia picha ya risiti kwa WhatsApp, si kwa kutunza kumbukumbu, nilikuwa namringishia bei. Akaitafuta mpaka akaipata, akaituma na ujumbe: "Endelea kuringa mdogo wangu, kuna siku kunasaidia."

Siku 23 nikaandika ripoti kwenye kompyuta ya ofisini, usiku, mlinzi akinisubiri nitoke afunge. Laptopu iliporudi, karatasi iliyoambatana nayo ilisema waya wa kioo umebadilishwa, malipo hakuna. Kuhusu yale maneno ya mwanzo, kimya.

Nyumbani nikaigeuza, nikakuta skrubu moja ya chini haipo. Kaunta sikutaka tena kuiona. Nikaenda Aggrey. Fundi akatumbukiza vidole kwenye kopo la maziwa lililojaa skrubu, akajaribu tatu zikakataa, ya nne ikaingia.

"Mia tano, dada."