Biskuti moja pauni tatu, na oti ni chakula cha maskini

Juzi nimetoka shifti ya usiku ya kulea wazee macho mekundu, nikaingia mkahawa ulio jirani na kituo cha mabasi hapa Aberdeen, Uskoti, kusubiri basi. Upepo wa bahari ya huku hauna undugu na ule wa Tanga, unakata masikio. Kwenye kabati la kioo nikaona biskuti ya oti (oats) na matunda, bapa, wameiandikia kwa chaki kwamba ni ya afya na haina sukari. Bei pauni tatu na peni kumi. Biskuti moja, ndugu zangu, si pakiti. Nililipa kwa sababu ya njaa, na kwa sababu dada wa kaunta alikwishaishika kwa koleo. Nimeila kwa hasira mpaka makombo.

Kwa wale wasioweza kusoma bei bila kuibadilisha, hiyo inakaribia elfu kumi za Kitanzania. Pale Ngamiani, Tanga, ningenunua maandazi ya kijiwe kizima na chai ya kuyasindikiza, na chenji ningeidai. Lakini siku hizi mimi sibadilishi tena kwa shilingi, nabadilisha kwa jasho. Kima cha chini cha mshahara Uingereza kilichoanza Aprili 2025 kilikuwa pauni 12.21 kwa saa, kwa mwenye miaka 21 na kuendelea. Kwa hiyo robo saa ya kumgeuza mzee wa watu kitandani, kubadilisha shuka na kusikiliza matusi ya aliyeamka vibaya imeishia tumboni kwangu kwa tafuna tano. Hapo kodi haijakatwa.

Kinachonichoma ni kwamba najua kilichomo. Oti kwa Uskoti ni kama muhogo kwetu: inavumilia baridi, mvua na udongo ambao ngano inaukataa, na ndiyo iliyolisha wanyonge wa huku vizazi na vizazi. Wazee ninaowahudumia wanakunywa uji wake kwa maji na chumvi, ukiwatilia sukari umewakosea adabu. Kilo nzima ya oti za chapa ya duka lenyewe haifiki pauni mbili. Nyumbani mnajua ilivyo: kopo la oti linakaa rafu ya juu, linanunuliwa na mwenye mgonjwa wa presha au mama anayepunguza mwili, na likiisha linawekwa pilipili manga ili wageni walione. Chakula kile kile. Huku cha maskini, kule cha wenye nazo, halafu mjanja mmoja huku anakipaka chaki na kukurudishia kwa bei ya wenye nazo.

Na hiyo "haina sukari" nayo ina maneno. Niliomba orodha ya viambato nikakuta asali na shira ya tende. Wataalamu wa lishe wa hapa Uingereza wanaihesabu asali pamoja na sukari ya kuongezwa, shira hivyo hivyo, na mtoto wa miaka 7 hadi 10 hatakiwi kuvuka gramu 24 kwa siku. Tunda kavu zima haliingii kwenye hesabu hiyo, ila hata lenyewe wanashauri liliwe pamoja na mlo maana linanata kwenye meno. Kwa hiyo nami sitawadanganya kwamba biskuti zangu ni dawa. Ni biskuti. Tofauti ni kwamba utamu wake naujua umetoka wapi.

Nilikwishaanza kuoka kabla ya kisa hiki, na chanzo ni shule. Binti yangu ana miaka minane. Mama yake alimfungia kashata za karanga, zile nzuri zenye iliki, za kula mapumziko ya asubuhi. Zikarudi nyumbani kwenye mfuko wa plastiki uliofungwa na kipande cha karatasi: shule hii hairuhusu karanga wala korosho. Hakuna salamu, hakuna "samahani mzazi". Mke wangu alinuna siku mbili. Kashata! Kitu ambacho nyumbani mtoto akienda nacho shule anapata marafiki mpaka wa darasa la saba.

Baadaye nikaelewa woga wao, ingawa sijaisamehe ile karatasi. Mwaka 2016 binti wa miaka 15 mwenye mzio wa ufuta, aliyeitwa Natasha, alikufa baada ya kula mkate uliokuwa na ufuta ndani ya unga wake, na kifungashio hakikusema. Sheria ikabadilishwa: tangu Oktoba 2021 chakula kinachofungwa pale pale kinapouzwa lazima kiandikwe kila kiambato, na vile vinavyodhuru watu vikolezwe wino. Viko 14 kwenye orodha. Karanga imo, ufuta umo, ngano na oti zimo. Nazi haimo. Hapo ndipo nilipopata mlango.

Sasa sikilizeni. Ndizi nyingi zinazouzwa huku zinatoka Amerika ya Kusini na ya Kati, karibu zote aina moja, ndefu, hazina harufu. Usitafute ya sukari wala mzuzu, utalia. Lakini zikianza kuwa na madoa meusi duka linazishusha bei, na hizo ndizo zako. Ponda mbili au tatu mpaka zilegee kabisa. Tende kiganja kimoja, si lazima zile nono za bei, chukua zilizokatwakatwa. Ziloweke kwenye maji ya moto dakika kumi kisha ziponde humo humo. Kuna tufaha moja linalosinyaa kila siku kwenye bakuli la matunda, likwangue na maganda yake, ukamue maji. Zabibu kavu kiasi. Nazi kavu iliyokunwa vijiko vitatu. Iliki, usiwe bahili. Mdalasini, chumvi ya kushika kwa vidole, kijiko kimoja cha mafuta. Halafu oti gramu 200.

Koroga, kisha uache mchanganyiko utulie robo saa. Hapa ndipo wengi wanapoharibu. Oti inahitaji muda wa kunywa ule unyevu. Ukikimbilia oveni unapata kitu kilicholowa katikati na kikavu pembeni. Ukigusa na mkono ukaona hainati sana na inashikana, tayari. Na uzikandamize ziwe bapa kwa mgongo wa kijiko, maana hazitatandazika zenyewe. Biskuti za dukani zinatanuka kwa sababu siagi na sukari vinayeyuka. Hizi hazina vitu hivyo, jinsi ulivyozilaza ndivyo zitakavyoamka. Nyuzi 180, dakika 15 mpaka 18, kingo zianze kuwa kahawia. Zikitoka ni laini, usizishike, ziache juu ya trei zikaze. Mayai hayana kazi hapa, ndizi inatosha kushikilia.

Umeme? Mita yangu ni ya kulipia kwanza, LUKU ya kizungu, nimezoea kuichungulia. Uniti moja inacheza kwenye peni 25, na trei moja haimalizi uniti. Mimi naweka trei mbili kwa pamoja, nabadilisha ya juu na ya chini katikati ya safari. Jumla ya vitu vyote haifiki bei ya ile biskuti yao ya chaki, na napata zaidi ya ishirini. Zina unyevu, kwa hiyo zisikae kwenye kopo zaidi ya siku tatu. Zinazobaki weka kwenye friza.

Nilimpigia mama kwa video nimevaa aproni. "Shikamoo mama." "Marahaba. Mkeo anaumwa?" Haumwi, nikamwambia, yuko kazini. Kimya. "Basi usiweke kwenye stetasi, baba yako ataona." Nimeweka.

Mdogo wangu unayesoma hapa huku umeshika pasipoti mpya, usiondoke na akili ya ile mishahara mnayotumiwa kwenye vikundi. Pauni 12 kwa saa ni nyingi mpaka uanze kula nje. Jifunze kupika ukiwa bado kwenu, mwanaume hasa, na fungia iliki kwenye begi, huku kipakti kidogo kinauzwa kwa bei ya kujeruhi. Na kama kuna wakala anakuuzia leo nafasi ya kuja kulea wazee Uingereza, mwambie akuonyeshe sheria. Njia hiyo ilifungwa kwa waombaji wapya kutoka nje tarehe 22 Julai 2025, na hata kabla ya hapo, tangu Machi 2024, waliokuja kwa kazi hiyo hawakuruhusiwa kuleta mke wala watoto. Watu bado wanapigwa mamilioni kwa nafasi ambayo haipo. Mimi niliwahi mlango ukiwa wazi, sijidai kwamba nilikuwa na akili kuliko wenzangu.

Shule haijarudisha biskuti hata moja. Kinyume chake, mama mmoja Mskoti alinisimamisha getini akitaka kujua ile harufu ni ya nini. Ni iliki, nikamwandikia nyuma ya risiti. Na wabeba boksi wenzangu, yaani Waswahili tunaohangaika na kazi huku, wananiuliza mbona siuzi. Kuuza nako kuna utaratibu: unajiandikisha kwa halmashauri kama biashara ya chakula, angalau siku 28 kabla ya kuanza. Kujiandikisha ni bure, ila baada ya hapo kuna lebo za viambato na mkaguzi wa kuja kuchungulia jiko lako. Jiko langu na la mke wangu? Likaguliwe na mzungu mwenye kalamu? Mke amekataa kabla sijamaliza sentensi. Kwa sasa anayezitaka aje Jumapili, na aje na ndizi zake.