Vipande 32 vya vita kwenye chumba kilichopinda

Nina miaka tisa nikibandika karatasi za ukutani hapa Maryland, lakini kazi iliyonitoa jasho kuliko zote ni ya chumba cha kulia cha nyumba moja ya zamani. Picha ni moja tu, inazunguka kuta zote nne bila kujirudia: Vita vya Uhuru vya Marekani, kutoka kiwanda cha Zuber, Rixheim, Ufaransa. Vipande 32 vyenye namba, vimechapwa kwa mkono kwa vibao vya mbao. Ukiharibu cha 14, huna kingine cha 14.

Dari ilikuwa imelalia upande mmoja, karibu inchi mbili kutoka kona hadi kona. Nilishikiza vipande vitatu vikavu kwa pini, nikarudi nyuma kutazama. Bandari ya Boston imeinama! Maji kama yanataka kumwagika sakafuni. Nikavisogeza mchana kutwa, nikilinganisha kofia na panga, wapi.

Usiku nikasoma habari za picha yenyewe. Mwaka 1834 Jean-Julien Deltil alichora mandhari za Amerika Kaskazini, kazi iliyohitaji vibao 1,690. Mwaka 1852 kiwanda kikaondoa watu wa mbele, kikaweka askari na Jenerali George Washington akiingia Boston. Ardhi na maji vikabaki vilevile. Nikajua kosa langu: nilikuwa nafuata askari, na askari ni wageni pale. Mwenyeji ni upeo wa macho.

Asubuhi nikavuta uzi chumba kizima, kimo cha upeo huo, nikaukagua kwa pima maji. Kila kipande nikakisimamisha kwa timazi, nikakilinganisha na uzi. Dari nikaisahau. Karatasi iliyozidi kwa kulala kwake niliikata juu kwenye anga ya picha, ambako hakuna mchoro wa kupotea. Mikono nilinawa kila baada ya kipande, maana gundi kidogo tu ikigusa rangi zile inaacha doa.

Mama mwenye nyumba alikuwa na wasiwasi: wageni watakula wakitazama vita? Swali la haki. Ikulu ya Marekani nayo iliwahi kuwa na picha hii kwenye chumba cha kulia, ikawekwa enzi za Jacqueline Kennedy, mke wa Rais Kennedy, kisha Betty Ford, mke wa Rais Ford, akaiondoa. Mama yule wa nyumba aliamua yake ibaki.

Siku ya sita kipande cha 32 kilikutana na cha kwanza nyuma ya mlango. Maji yalipishana kwa unene wa kucha.